Maswali ya Wasomaji: Aloi ya Nikeli Mahali Stenlesi Inaposhindwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia karakana ya matengenezo katika kiwanda cha ngozi hapa Moshi. Tunalo tangi la kurejesha kromi iliyotumika kulainishia ngozi, ambalo hupashwa moto kwa koili (bomba lililokunjwa) ya mvuke ya stenlesi 316, yaani chuma cha pua. Kila baada ya miezi michache koili hiyo hutoboka, hasa pembeni mwa maungio yaliyochomelewa na chini ya vishikizo, ilhali sehemu nyingine ya bomba hubaki inang'aa kama mpya. Muuzaji anatushauri tununue Hastelloy, aloi (metali mchanganyiko) ya nikeli, lakini bei imemtisha meneja. Je, kuna haja ya gharama hiyo?
Msimamizi wa karakana, Moshi

JIBU: Ndugu msimamizi, huko kung'aa kwa sehemu nyingine ya bomba ndiko kunakotuonyesha tatizo. Asidi ikila chuma peke yake hukipunguza unene kila mahali. Vitundu vyenye kina kando ya uso safi ni kazi ya kloridi. Ngozi zinazofika kiwandani zimehifadhiwa kwa chumvi ya kawaida, na chumvi nyingine huongezwa pamoja na asidi ya salfuri kabla ya kuzitia kromi. Mnapoitenga kromi ikawa tope, sehemu ya kloridi hubaki ndani ya tope hilo, na mnapoliyeyusha tena kwa asidi ya salfuri huku mvuke ukipita kwenye koili, mnakuwa mmekutanisha chumvi, asidi na joto, ambavyo kwa pamoja stenlesi haiviwezi.

Stenlesi hujikinga kwa utando wa oksidi ya kromi wenye unene wa nanomita chache tu, ambao hujirudisha wenyewe ukikwaruzwa. Kloridi huuvunja utando huo penye udhaifu, na kitundu kikishaanza, metali inayoyeyuka ndani yake huzalisha asidi zaidi na kuvuta kloridi nyingine, hata kikaendelea kuchimba bila msaada wa nje. Chini ya kishikizo hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yaliyotuama pale hayapati oksijeni ya kutosha kuurudisha utando.

Kinachozuia mwendo huo ni molibdeni. Stenlesi 316 ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, lakini aloi ya C-276, ambayo bila shaka ndiyo aliyoikusudia muuzaji wenu, ina asilimia 15 hadi 17, pamoja na kromi ya kiasi kama hicho, tangsteni kidogo, na nikeli inayozidi nusu ya uzito wote. Chuma hakipokei molibdeni nyingi namna hiyo bila kuwa kigumu cha kuvunjika; nikeli huipokea na bado ikakunjika vizuri. Nikeli ina faida nyingine pia: stenlesi zenye nikeli ya asilimia 8 hadi 10 ndizo zinazopasuka kirahisi zaidi ndani ya kloridi moto zikiwa na mkazo, na nikeli ikizidi takriban asilimia 45 hatari hiyo karibu inakwisha.

Hata hivyo, msiandike neno Hastelloy peke yake kwenye oda. Chini ya jina hilo zipo pia aloi za kundi la B, zenye molibdeni ya karibu asilimia 28 na kromi kidogo mno. Hizo hustahimili asidi ya haidrokloriki iliyo safi, lakini kutu kidogo tu ya chuma iliyoyeyuka ndani ya asidi hiyo huweza kuziharibu upesi. Monel nayo, aloi nyingine ya nikeli isiyo ya jina hilo, ambayo theluthi mbili yake ni nikeli na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba, ni hodari ndani ya maji ya bahari, ila haifai katika asidi yenye hewa nyingi. Andikeni namba ya aloi, N10276, na mdai cheti chenye namba ya yeyusho (fungu la metali iliyoyeyushwa pamoja) inayolingana na ile iliyopigwa kwenye bomba.

Kuhusu gharama, maoni yangu ni kwamba C-276 inunuliwe kwa ajili ya koili na vishikizo vyake tu. Tangi lenyewe litoshe kuwa la chuma kilichovishwa mpira, na mabomba ya maji baridi yawe ya plastiki ya polipropilini, ambayo kloridi haiigusi. Kabla ya kulipa, ombeni vipande vidogo vya aloi hiyo, mvipime uzito kwa mizani nyeti, mfunge kimoja kwa washa ya plastiki ili kuiga hali ya chini ya kishikizo, kisha mvining'inize ndani ya tangi kwa miezi kadhaa na kuvipima tena. Hakuna jedwali la kitabuni linaloyajua maji yenu kuliko vipande hivyo.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea, Unga Limited, Arusha. Nimeletewa bomba linalodaiwa kuwa la C-276. Je, sumaku inaweza kunithibitishia, na naweza kutumia vijiti vya stenlesi?
Fundi, Arusha

JIBU: Sumaku haitakusaidia, ndugu fundi, kwa kuwa C-276 haivutwi na stenlesi 316 kwa kawaida haivutwi pia. Tumia mizani na ndoo ya maji. Kata kipande cha gramu 400, kifunge kwa uzi, ukipime kikiwa kimezama chote bila kugusa ndoo: stenlesi itapungua gramu 50 hivi, na C-276 itapungua gramu 45. Kipimo hiki hukamata udanganyifu mkubwa, lakini hakichukui nafasi ya cheti.

Vijiti vya stenlesi usitumie, kwa sababu ungio litakuwa na molibdeni pungufu na ndilo litakaloliwa kwanza. Tumia vijiti vya nikeli vya daraja la ENiCrMo-4, au waya wa aina hiyo hiyo kwa gesi ya agoni. Safisha pande zote mbili za ungio hadi grisi na alama za chaki ya rangi ziishe kabisa, kwa maana salfa iliyomo humo huingia kwenye nikeli iliyoyeyuka na kuipasua inapopoa. Brashi iwe ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Choma kwa moto mdogo, na uache ungio lipoe chini ya nyuzi 100 za Selsiasi kabla ya kupitisha mstari mwingine.