Pudingi za mkate za vikombe kutoa maji

Pole ndugu yangu. Umeuliza kwa nini pudingi zako za mkate zinatoa maji chini na yai linakatika. Huo ni moto mkali tu. Panga vikombe kwenye trei, mimina maji ya moto yafike nusu yake, oveni iwe nyuzi 160, kama dakika 30. Zitoe katikati pangali panatikisika kidogo, patashika penyewe. Mkate uwe wa jana, uloweke dakika 20 kwenye maziwa yaliyopigwa na mayai. Mayai 3 kwa nusu lita ya maziwa.

Sosi: yeyusha sukari hadi iwe rangi ya asali iliyokolea, tia siagi, kisha krimu ya uvuguvugu. Krimu ikiwa baridi, sukari hushikana mabonge na kuruka, na inaunguza vibaya mno!