Uliza Ujibiwe: Mtoto transjenda kwenye timu ya kuogelea ya mtaani

SWALI: Habari za kazi. Mi naishi Maryland huku Marekani, nna binti wa miaka 9 anaogelea kwenye timu ya bwawa la mtaani, zile ligi za kiangazi za Juni na Julai, Jumamosi asubuhi watoto wameandikwa mikononi kwa makapeni namba ya mbio na leni, na sisi wazazi ndo tunashika stopwochi. Msimu huu kwenye kundi lake la wasichana wa miaka 9 na 10 kaingia mtoto ambaye mwaka jana aliogelea na wavulana, wazazi wake wanasema ni msichana transjenda, yaani kazaliwa wa kiume ila anajitambua kama msichana. Grupu letu la WhatsApp limewaka moto, mmoja katuma video za Lia Thomas, mwingine anasema Trump alishapiga marufuku transjenda kuogelea na wasichana, mwingine anataka tugome. Mume wangu kasema tukae kimya. Sasa sheria inasemaje, na je binti yangu anaonewa?
Mama wa mmoja, Maryland

JIBU: Pole mama, grupu za wazazi tunazijua, huwa zinaanza na nani analeta maji ya kunywa zinaishia kwa rais.

Tuanze na huyo Lia Thomas manake ndo kila mtu anamtaja. Yule ni mwanamke transjenda, alikuwa mtu mzima, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kabla ya hapo aliogelea kwenye timu ya wanaume ya chuo hichohicho, halafu Machi 2022 akashinda yadi 500 fristaili kwenye fainali za wanawake za vyuo. Miezi mitatu baadaye chama cha kuogelea cha dunia, enzi hizo FINA siku hizi World Aquatics, kikakutana Budapest kikapitisha kwamba mwanamke transjenda ataogelea na wanawake kama tu hakupitia balehe ya kiume kupita hatua zake za mwanzo kabisa au kabla ya kutimiza miaka 12, lolote litakalochelewa kati ya hayo mawili, na testosteroni, ile homoni ya kiume, ibaki chini ya nanomoli 2.5 kwa lita. Sasa soma tena hapo kwenye miaka 12. Yaani hata ile sheria iliyopigiwa kelele dunia nzima kuwa ni kali, iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa mashindano ya dunia, isingemtoa mtoto wa miaka 9.

Na sababu iko wazi. Kinachotenganisha wanaume na wanawake majini kwa sehemu kubwa ni balehe, urefu, mabega, misuli, ukubwa wa viganja na nyayo. Mita 100 fristaili, Pan Zhanle wa China aliweka rekodi ya sekunde 46.40 pale Paris 2024, ya Sarah Sjöström wa Sweden ya mwaka 2017 ni 51.71, hiyo tofauti ya sekunde tano na ushee kwenye kuogelea ni kubwa mno, wengine wanakuwa wameshashika ukuta mwenzao bado anakuja. Lakini kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini tofauti ni ndogo sana, kuna rekodi za Marekani zinaonyesha wasichana bora wa umri huo wanakwenda sawa na wavulana au hata wanawatangulia. Kwa hiyo kama huyo mtoto anamshinda binti yako, yawezekana kabisa ni kwa vile anahudhuria mazoezi.

La Trump. Amri aliyosaini tarehe 5 Februari 2025 ya kuwazuia transjenda kwenye michezo ya wanawake ni kweli ipo na haijali balehe wala umri, inaangalia jinsia ya kuzaliwa, ila meno yake makubwa yako kwenye shule na vyuo vinavyopokea hela za serikali kuu. Julai 2025 kamati ya Olimpiki ya Marekani nayo ikafuata, ikavitaka vyama vilivyo chini yake vifuate. Majimbo zaidi ya 25 yana sheria zao pia, nyingi zinahusu timu za shule, na Maryland haimo, tena nyie mna sheria ya tangu 2014 inayokataza ubaguzi wa utambulisho wa kijinsia kwenye sehemu zinazohudumia umma. Bwawa la wanachama peke yao linaweza kuwa na hali tofauti, hapo ndo mwanasheria wa ligi ale mshahara wake.

Ligi nyingi za kiangazi zinajiendesha zenyewe, zina kitabu chao cha kanuni, zinaazima kanuni za mitindo na kugeuka ukutani kutoka USA Swimming, chama cha kuogelea cha Marekani, basi. Kwa hiyo swali la kuuliza, na muulize kwa barua pepe kwa ofisi ya ligi sio kwenye grupu, ni hili: kitabu chetu kinasemaje kuhusu mtoto kubadili kundi, na tumesajiliwa chini ya nani?

Maoni yangu mimi: chini ya miaka 12 waacheni waogelee. Kwa kundi la 13 mpaka 18 siwezi kusema hivyohivyo, mzazi wa binti wa miaka 16 anayelalamika kuwa mwenzake keshapitia balehe ya kiume hana chuki, ana hoja, na ligi inatakiwa iwe na kanuni iliyoandikwa kabla ya msimu, sio kuitunga mbele ya mtoto akiwa amesimama na miwani yake usoni. Najua wapo wanaotaka kanuni moja kwa umri wote ili mtoto asije akahamishwa akifika 13, na hilo nalo lina uzito wake, lipelekeni kwenye mkutano. Ila mtu mzima kumfuata mtoto wa watu kumuuliza maswali ya mwili wake hiyo hapana, na kama kuna picha zake kwenye hilo grupu zitoke leo. Na kama una wasiwasi wa chumba cha kubadilisha nguo, mwanao si anatoka nyumbani keshavaa?

SWALI: Kaka, niko Leicester Uingereza. Kijana wangu wa miaka 13 kaletewa fomu ya mashindano, makundi ni mawili tu, Wazi na Wanawake, Wanaume hakuna. Ataogelea wapi?
Baba J

JIBU: Wazi. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 Swim England, chama cha kuogelea cha huko, waliliita hivyo lile kundi la wanaume kwenye mashindano yenye leseni, la wanawake likabaki kwa waliozaliwa wa kike, na msichana transjenda anaandikishwa Wazi pamoja na kijana wako. Usichanganye na lile kundi la wazi la World Aquatics, lile lilikuwa la tatu, la peke yake, wakalitangaza kwa kombe la dunia la Berlin Oktoba 2023 na hakujiandikisha hata mmoja. Huyo wako hajahamishwa popote, jaza fomu uirudishe.