Vijana wa takwimu za elimu, hiyo 3.2 itawaponza

Wadogo zangu mlioajiriwa juzijuzi idara za elimu na mipango huko halmashauri, nawapenda sana ila mmeanza kunichosha. Naletewa maoteo ya wanafunzi, yani makisio ya idadi yao, mpaka 2030, kazi imepangwa vizuri, jedwali lina rangi mpaka unaona raha, kufungua ndani kila kata inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kila kata! Ya sokoni, ya wakulima, ya viwanja vipya, zote mwendo mmoja. Ukiuliza unajibiwa "kiongozi, si ndio takwimu ya Sensa?" Haya, sogeeni tuongee.

1. 3.2 ni ya nchi, sio ya kata yako. Ni kweli tulikuwa watu 44,928,923 mwaka 2012 na 2022 tukafika 61,741,120. Ila chungulieni mkoa kwa mkoa. Pwani ilikuwa na watu milioni 1.1 hivi, ikapita milioni 2, karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Kilimanjaro imetoka milioni 1.64 ikaishia 1.86. Sasa chukua 3.2 yako peleka kule milimani utaomba madarasa ya watoto ambao hawajazaliwa na hawatazaliwa, halafu walimu wamekaa kule na darasa la kwanza linaingia kiduchu, hapo hata msawazo wa ikama, yani kuhamisha walimu waliozidi kwenda penye upungufu, huwezi kuufanya maana makaratasi yako yanasema watoto wanaongezeka. Ipeleke Pwani watoto watakaa chini. Na Dar ambayo kila mtu anaijua kwa kufurika, kasi yake kati ya 2012 na 2022 ilikuwa chini ya hiyo ya taifa, watu wamevuka mpaka wameenda kujenga Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo.

2. Watoto wanaletwa na kuzaliwa na pia wanaletwa na lori la kuhamia. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu kwa sababu hili bado linaniuma. Halmashauri moja niliyofanya kazi, pembezoni mwa jiji, tulipiga maoteo kwa wastani kama mnavyofanya nyie, mimi ndiye niliyeshika jedwali. Hela ya madarasa ilipokuja tukaigawa kwa kuangalia maboma, yani kata ambayo wananchi wameshapandisha kuta sisi tunaezeka. Inaonekana haki kabisa, si wamejitolea? Kumbe kata zenye maboma ni zile za zamani, wenyeji wanajuana, wana kamati ya shule imara na diwani mwenye sauti. Kata ya viwanja vipya haina boma hata moja kwa sababu kila mtu hela yake inaishia kwenye nyumba yake mwenyewe, tofali zake, bati lake, na jirani hamjui jina. Mratibu elimu kata alituambia. Alikuja ofisini na daftari lake akasema jamani huku kwangu wanaingia watoto wa uhamisho kila wiki, kutoka Tandika, Manzese, Gongo la Mboto, wengine hata barua ya uhamisho hawana. Nikamwambia tutaliangalia kwenye bajeti ijayo. Nilimjibu vizuri, kwa heshima, na sikufanya kitu.

Januari nikaenda kwenye hiyo shule. Mwalimu wa darasa la kwanza akanionyesha rejista ya mahudhurio, ameongezea karatasi za daftari kwa gundi, zimekunjwa ndani kama barua kwa sababu nafasi za majina zilikuwa zimeisha, na bado majina mengine yapo nyuma ya jalada kwa penseli. Mwalimu mmoja, watoto zaidi ya 180, nusu wapo nje chini ya mwembe wakisubiri zamu. Kuna mtoto alikuwa anaandikia mgongoni kwa mwenzake na huyo mwenzake ametulia kabisa asimharibie mwandiko. Wakati huohuo kule kata za zamani darasa letu jipya, zuri, limepakwa rangi, limegeuka stoo ya madawati mabovu. Wale watoto mwaka wao wa kujifunza kusoma ulikwenda hivyo, na mwaka wa kujifunza kusoma haurudishwi kwa bajeti ijayo. Kwa hiyo mratibu kata akikwambia kitu, andika, nenda kaone wiki hiyohiyo.

3. Kabla hujakisia darasa la kwanza nenda kliniki ukaombe idadi ya watoto waliochanjwa surua miaka ya nyuma kwa kila kituo, hao wakifika umri wa kuanza shule ndio wateja wako.

4. Viwango mnavijua, wanafunzi 45 kwa darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25, sasa mbona maombi yenu yana madarasa tu? Choo kwanza jamani, hasa kwa mabinti.

5. Wimbi linatembea. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 darasa la kwanza walizidi milioni 2 nchi nzima, wakiwemo waliokuwa nyumbani miaka ya nyuma. Kila mtu alihangaika na madawati mwaka huo, ni wachache waliohesabu vidoleni kwamba hawa wanamaliza la saba 2022 na Januari 2023 wanabisha hodi sekondari. Ilipofika mwisho wa 2022 ndio nchi nzima inakimbizana na vyumba 8,000 vya sekondari, mafundi wanalala saiti, ma-DC wanahesabu mifuko ya saruji. Taarifa ilikuwepo miaka saba, kwenye rejista zetu wenyewe.

6. Sasa lijalo ni kubwa zaidi. Kwa mtaala mpya msingi inaishia la sita, kwa hiyo waliokuwa la tatu na la nne mwaka 2024 watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Sio maoteo haya, ni watoto wenye majina. Fungueni BEMIS, ule mfumo wa takwimu za shule, toeni hayo madarasa mawili shule kwa shule, jumlisheni kwa kila sekondari ya kata inayowapokea, halafu hesabuni mikondo (kidato cha kwanza A, B, C na kuendelea), maabara, walimu wa hisabati na vitanda vya hosteli. Mkimaliza nileteeni, hata usiku nitasoma.