Maswali ya Wasomaji: Watoto Hujaa Maktaba Kuchora, Vitabu Hubaki Rafuni

SWALI: Ndugu Mshauri, assalaam alaykum. Mimi ni mtumishi wa maktaba ndogo ya umma kaskazini ya Pemba. Chumba chetu cha watoto kina majamvi, rafu chache na vitabu vya hadithi vya kiasi. Kila Jumamosi tunatoa karatasi na kalamu za rangi, na watoto hujaa hata wengine wakakaa barazani. Lakini kuchora kukimalizika wote huondoka mbio, na vitabu hubaki vile vile tulivyovipanga. Mwenzangu anashauri tuwasomeshe nusu saa kwa lazima, kisha ndipo wachore. Waonaje?
Mtumishi wa maktaba, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kuchora msikuache, na hiyo nusu saa ya lazima msiianzishe. Mtoto ambaye wiki nzima hugawanya siku yake baina ya skuli na chuo cha Kurani, akija kwenu Jumamosi akakuta mtu mzima amemsimamia na saa mkononi, ataihesabu maktaba kuwa ni skuli nyengine tu, na Jumamosi inayofuata atakwenda kuogelea.

Ninavyoisoma barua yako, kilichokosekana ni kiungo baina ya karatasi na kitabu: watoto wanapewa kalamu bila ya kupewa hadithi ya kuichora. Anzeni basi kwa kuwasomea kwa sauti. Achaguliwe msomaji mwenye sauti ya kusikika, akisome kitabu nyumbani kwake kabla ya siku yenyewe, kwani anayebabaika katika ukurasa wa pili huwa ameshawapoteza wadogo. Akae chini jamvini pamoja nao, akishike kitabu kwa ubavu ili picha ziwaelekee wao, na afikapo pahala ambapo sungura amekwisha kunaswa na haijulikani atatokaje, akifunge. Hapo ndipo zigawiwe kalamu, na kila mtoto achore namna anavyodhani mambo yatakwisha. Michoro ikishaoneshwa, msomaji amalizie hadithi, na watoto wapime wenyewe nani alikaribia na nani alikwenda kombo. Vitabu vinavyofanana na hicho viwe vimetandazwa jamvini tangu mwanzo, mikono ivifikie bila ya kuomba ruhusa.

Jumamosi nyengine mwalikeni bibi wa mtaani anayejua ngano, aje na ukili wake asuke huku akisimulia. Akisema “Paukwa!” hamtakuwa na haja ya kuwafundisha watoto kuitikia “Pakawa!” Ila msiiache ngano ile ipotee hewani. Watoto wakubwa, wa darasa la nne na kuendelea, waiandike kwa maneno yao. Wadogo waichoree picha. Kurasa zishonwe kwa uzi na jalada gumu, kisha kitabu hicho kiandikwe katika daftari la maktaba na kiwekwe rafuni pamoja na vyengine. Kuziandika ngano zetu ni kazi ya zamani: Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza, alizikusanya Unguja akazichapisha London mwaka 1870, na sioni kwa nini ngano za kijijini kwenu zimngoje mgeni mwengine. Zaidi ya hayo, sijaona kitabu kinachogombaniwa na watoto kuliko kile ambacho jina la mwenzao limo ndani.

Liko pia suala la rafu zenyewe. Kama mnafuata mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotolewa mwaka 1876 na unaotumika katika maktaba nyingi duniani, ngano zenu zinakaa 398.2 na wanyama wanaanzia 590. Namba hizo bakini nazo kwa kazi yenu, lakini mtoto wa miaka sita hazimwambii kitu. Yeye huchagua kwa jalada. Vitabu vya wadogo vigeuzwe uso nje, japokuwa vitaingia vichache zaidi, na kila aina ipewe utepe wa rangi yake. Rafu yao isizidi kimo cha kifua chao.

Mwisho, meza ya kuazimia isogezwe mlangoni, na iwe wazi wakati watoto wanapotoka. Ikiwa meza imo ofisini kwa ndani, wenye haya hawatakwenda. Na katika taarifa zenu za mwezi, idadi ya watoto waliohudhuria isitangulie. Itangulie idadi ya vitabu vilivyokwenda majumbani. Kuhudhuria peke yake kunaweza kuletwa hata na biskuti.

SWALI: Mwanangu ana miaka saba. Kila wiki huazima maktaba kitabu kile kile, na sasa anakijua kwa moyo. Nimkataze?
Mama Khamis, Unguja

JIBU: Usimkataze, dada yangu. Mtoto anayekijua kitabu kwa moyo ana nafasi nzuri ya kulinganisha neno alilolihifadhi na neno lililoandikwa, na hapo ndipo kusoma kunapokaa sawa. Mwambie akusomee huku akipitisha kidole chini ya maneno. Pale kidole kinapokwenda mbele ya ulimi au kubaki nyuma, simameni mlitazame neno hilo. Kadi yenu ikiruhusu vitabu viwili, cha pili kichague wewe, na usimuulize amekisoma au la.

SWALI: Katika kamati ya maktaba yetu tumebishana. Mtoto alipoteza kitabu, akatozwa faini, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Wengine wanasema faini hufundisha nidhamu. Je, maktaba ifanye nini?
Mjumbe wa kamati, Unguja

JIBU: Tamko la UNESCO na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba kuhusu maktaba za umma, lililoandikwa upya mwaka 1994 na tena mwaka 2022, linasema kuwa huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bure, na linataja kuwajengea watoto tabia ya kusoma tangu wadogo miongoni mwa kazi za maktaba. Faini ya mtoto hailipwi na mtoto. Hulipwa na mzazi, na mzazi asiyenacho atamaliza tatizo kwa kumkataza mwanawe asiende tena, ikawa maktaba imepoteza kitabu na msomaji pamoja. Mimi ningemtaka mtoto alipe kwa kazi: asaidie kugundisha majalada yaliyobanduka au kupanga rafu, na kadi yake isifungwe hata siku moja.

Aidha, kabla ya kuhukumu, uliza vitabu vinaharibikia wapi. Wakati wa masika vingi huroa njiani, na mtoto aliyerosha kitabu huona salama kusema kimepotea. Mkoba wa kitambaa au wa ukili utolewe pamoja na kitabu, na watoto waelezwe waziwazi kwamba kilichoroa kirudishwe siku ile ile, ili kianikwe kivulini penye upepo na karatasi kavu baina ya kurasa zake kabla hakijaingia koga. Huyo aliyekimbia aitwe na mtoto mwenziwe. Mtu mzima asiende.