Maswali ya Wapiga Picha: Ulizeni Kuhusu Mwanga, Nembo Ziacheni

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja, kamera ya nembo gani, kwa maneno tofauti. Nimechagua chache. Wengine mtajiona humu hata kama sikutaja mtaa wenu.

Hujambo mwalimu. Nina shilingi 150,000 na nataka kuanza kupiga picha za harusi. Ninunue Canon, Nikon au Sony? – Msomaji, Kasarani

Nunua ile ambayo wenzako wanayo, ili lenzi ikiharibika Ijumaa usiku uwe na wa kukuazima nyingine. Sina sababu nyingine ya maana ya kupendelea nembo. Kampuni zote tatu hutengeneza kamera zinazouzidi uwezo wa wengi wetu. Katika picha mbaya ninazoletewa nizikague, sijaona hata moja iliyoharibiwa na nembo. Zimeharibiwa na mtu aliyesimama mbali, aliyebonyeza kabla ya wakati, au aliyemweka bibi harusi kwenye jua la saa saba.

Hukuniuliza kuhusu lenzi, na huko ndiko pesa zako zinapaswa kwenda. Ile ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliwezi kufunguka kupita 5.6, na kwenye tundu nambari ikiwa ndogo ndipo mwanga huingia mwingi. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Kanisani, ambako taa ni hafifu na mchungaji hataki flashi, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama umepata picha au hukupata. Lakini usikimbilie milimita 50 kwa kuwa kila mtu anaisifu. Kwenye kamera ya sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, itakubana kama ya 75 au 80, na katika kanisa dogo la mabati utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta. Chukua ya 35. Kamera yenyewe hata ikiwa imetumika miaka kadhaa itakufaa.

Nikiacha Canon nihamie Sony, picha zangu zitakuwa kali zaidi? – Msomaji, Ongata Rongai

Hapana. Picha ulizotuma zimetikisika kwa sababu shata, pazia la ndani ya kamera, ilikaa wazi sekunde 1/30 na watoto wanakimbia. Ipandishe hadi 1/500 kabla hujapeleka pesa dukani. Na nawaomba, someni majibu ya nyuma kabla ya kuniandikia swali hili tena.

Nimeambiwa Fujifilm ndiyo inayoijua ngozi nyeusi. Kwenye kamera yangu nyuso hutoka nyeusi tii na gauni la bibi harusi linang'aa. Nibadilishe? – Dada wa Umoja

Dada, usibadilishe. Ila swali lako lina historia ya kweli, na ni haki yako kuijua. Kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilisawazishwa maabara kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na nyuso zetu ziliumia kwa hilo. Hayo yalikuwa ya enzi za filamu. Sensa ya leo, ya kampuni yoyote, inaweza kubeba ngozi nyeusi na gauni jeupe katika picha moja, mradi upime mwanga mwenyewe.

Kamera haijui inatazama nini. Huchukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe na anga nyeupe nyuma yake, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Mweke bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi, itafanya kinyume. Kwa hivyo pima mwanga usoni, kisha hakikisha gauni haliungui likawa jeupe tupu.

Halafu toka juani. Nairobi iko karibu na ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la saa sita huwa karibu utosini kabisa. Macho ya mtu hugeuka mashimo mawili. Nenda pale kwenye jumba la mikutano la KICC, umtazame mmoja wa wale wapiga picha wanaotembea na printa begani. Hamwachi mteja asimame anapotaka. Anamvuta hatua mbili hadi kwenye kivuli cha jengo, anamgeuza aelekee anga wazi, anamwonyesha kwa kidole ainue kidevu, kisha anasubiri mpaka ule uso wa picha ya kitambulisho ulegee. Ndipo anabonyeza, mara moja. Kamera yake imezungushiwa selotepu. Ngozi ya mteja inatoka na rangi yake halisi, na karatasi inakabidhiwa ikiwa bado na joto.

Mkienda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, angalieni kitu kimoja. Ukimsimamisha mtu chini ya majani mazito huku nyasi zimemzunguka, kijani humrukia kidevuni na shingoni, na kukiondoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya kukukesha.

Megapikseli 24 au 61? – Msomaji, Syokimau

24. Ukurasa wa A4 uliochapishwa vizuri kabisa hauhitaji hata 9.

Mteja aliona kamera yangu ndogo akaghairi, kazi akampa mwenye kamera kubwa. Si basi kamera ni muhimu? – Msomaji, Buruburu

Pole kwa kukosa kazi. Mteja aliipima kamera kwa sababu hukumpa kitu kingine cha kupima. Chapisha albamu ya harusi moja nzima, tangu wanapovaa hadi keki inapokatwa, uiweke mezani kabla hamjaanza kuzungumza bei. Picha kumi nzuri za Instagram kila mtu anazo. Harusi nzima ndiyo inayoonyesha kama ulikuwa macho mvua ilipoanza na shangazi akalia.

Nanyi mnaotafuta wapiga picha, acheni kuuliza wanatumia kamera gani. Ombeni kuona kazi nzima, kisha andikianeni mkataba: picha zitatoka lini, na ni nani anayeruhusiwa kuziweka mtandaoni. Wapiga picha wengi hulipuuza hilo la mwisho. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya, anayelinda taarifa za watu, aliitoza kilabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Hakuna kamera ya bei hiyo mtaani kwenu.

Nimenunua filta za mpiga picha mashuhuri lakini kazi yangu haifanani na yake. Mtindo wangu nitaupata vipi? – Msomaji, Kahawa West

Mtindo hauuzwi, mwanangu, na wanaokuuzia wanalijua hilo.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio Bamako mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na nyuma ya wateja wake wa mwanzo alitundika shuka la kitanda chake. Vifaa vilikuwa ghali, kwa hivyo kwa kawaida kila mteja alipigwa picha moja tu. Wewe unabonyeza mara arobaini ukitumaini moja itakubali. Yeye ilibidi ajue mkono utakaa wapi na kitambaa kitaanguka vipi kabla hajagusa kamera. Ndiyo maana picha zake huzitambua bila kusoma jina.

Wa kwetu ni Mohamed Amin, mpiga picha wa habari, mzaliwa wa Eastleigh, 1943. Alianza na Box Brownie, kisanduku ambacho karibu hakina cha kurekebisha. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliamsha dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikuwa mtu wa kusogea karibu na kurudi tena, na hayo yanaonekana katika kazi yake yote.

Basi zima filta. Shika lenzi moja na mahali pamoja, hata ikiwa ni steji ya matatu ya hapo kwenu. Jitambulishe, omba ruhusa, urudi asubuhi na jioni mpaka makanga waache kukupigia pozi. Kisha chapisha picha, uzitandaze sakafuni, uondoe zote ambazo mtu mwingine angeweza kuzipiga. Zikibaki mbili, anzia hapo.

Nimepata kamera nusu bei huko mjini. Haina risiti wala chaja. Niichukue? – Msomaji, South B

Usiichukue. Aghlabu kamera kama hiyo imetoka kwenye begi la mwenzetu aliyeporwa, na polisi wakikukuta nayo utakayeulizwa ni wewe. Tafuta yenye karatasi zake. Linganisha nambari iliyo chini ya kamera na ile ya risiti. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu utafute utando wa ukungu, hasa ikiwa imekaa Pwani. Funga tundu hadi 16 upige ukuta mweupe, ukuze picha uone kama sensa ina madoa. Muuzaji akianza kukuharakisha, mrudishie kamera yake uondoke.