Kwa nini wasifunge betri kubwa zaidi?

Umeuliza kwa nini droni za kupeleka dawa zisifungwe betri kubwa ili zifike mbali. Shida ni kwamba betri nayo ni mzigo. Kilo moja ya betri za lithiamu hutunza nishati ya wati-saa 250 hivi; kilo ya petroli ina zaidi ya 12,000. Tena petroli huisha njiani chombo kikawa chepesi, ila betri hutua na uzito uleule. Ukiongeza betri, sehemu ya chaji inaishia kuibeba betri yenyewe.

Kinachosaidia sana ni umbo. Droni ya rota nne (panga zinazozunguka) hula umeme muda wote kwa kujishikilia tu hewani. Yenye mabawa hula kidogo sana. Tazama Zipline, kampuni inayopeleka damu kwa droni kule Muhanga, Rwanda, tangu 2016: ndege inarushwa kwa manati, inadondosha boksi la damu kwa parachuti bila kutua hospitalini, inarudi kituoni na kunaswa mkia kwa waya. Pale wanachomoa betri, wanaweka iliyojaa, inaruka tena. Hospitali haihitaji chaja wala fundi. Huo ndio ufumbuzi ninaouheshimu kuliko wote.

Mwaka 2018 droni ya kampuni ya usafirishaji DHL na ya kutengeneza droni Wingcopter ilivuka Ziwa Victoria, Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Juu ya maji upepo wa mbele ukikaza huna pa kutua, kwa hiyo safari haipangwi kwa chaji yote. Lazima ibaki akiba, na betri ikichakaa akiba hiyo hupungua.