Hiyo si Martini, mkuu: namna ya kuisoma bunduki ya kuwindia ya Kiingereza ya zamani

Mkuu, nimeziangalia picha zako zote na nimezikuza kadiri simu ilivyokubali. Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: mwenzetu anaishi Bristol, baba mkwe wake amefariki, na kabatini imekutwa bunduki ndefu ya mtutu mmoja. Ina wenzo chini, juu ya mtutu pameandikwa "George Gibbs, Bristol" na pembeni "Metford's Patent". Shemeji yake anasema ni Martini ya jeshi tu, haina maana. Yeye anauliza ni bunduki gani, na kama aipige msasa na vanishi aitundike sebuleni, au hata aje nayo Dar.

Nianze na hilo la msasa maana halingoji. Usiiguse. Usipake vanishi, usisugue chuma kwa chochote, usipeleke kwa mtu wa kupaka rangi nyeusi upya. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Nimekaa miaka mingi Birmingham, kwanza nikiwa msaidizi kwenye karakana ya fundi bunduki, baadaye nikiandika maelezo ya silaha za kale kwa ajili ya minada. Niliwahi kuletewa bunduki ya mitutu miwili ya enzi za Malkia Victoria ambayo mjukuu wa mwenyewe, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameisugua kwa mashine mpaka iking'aa. Nakshi ilikuwa imebaki alama hafifu, kingo za chuma zilizochongwa kwa tupa zikawa mviringo, na mihuri ya chini haisomeki tena. Wanunuzi walipita mezani, wakaiinua, wakairudisha. Kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani ilikuwa imeondoka pamoja na kutu, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Sasa bunduki yenyewe. Kwa picha ulizotuma, naamini unayo Gibbs-Farquharson, na kama ndivyo, shemeji yuko mbali sana na ukweli. Zote mbili, yake ya kudhani na yako, zina wenzo chini na risasi moja tu kwa wakati, kwa hiyo anayeziona kwa mbali anaweza kuzichanganya. Tofauti iko ndani. Kwenye Martini, pande la chuma linaloziba nyuma ya mtutu limeshikwa na pini kwa nyuma, kwa hiyo ukivuta wenzo, upande wa mbele ndio unaoinama. Kwenye Farquharson pande zima linashuka wima ndani ya mfereji wake, likinyooka, mpaka chemba, pale risasi inapokaa, inabaki wazi mbele ya macho yako. Nyundo yake imefichwa ndani na inajitega yenyewe wenzo unapofunguka. Ipo pia ya Alexander Henry wa Edinburgh, ya hataza (haki ya mvumbuzi) ya 1865, ambayo pande lake nalo hushuka, lakini nyundo yake iko nje upande wa kulia. Yako haina nyundo nje. Picha yako ya tatu inaonyesha vizuri.

John Farquharson alikuwa Mskoti, mlenga shabaha hodari, na hataza yake ni ya 1872. George Gibbs wa Bristol ndiye aliyezitengeneza na kuziuza, na hazikuwa nyingi. Kwa jumla hazifiki elfu moja. Hataza ilipokwisha muda, wengine waliiga umbo lile. W. J. Jeffery wa London aliuza bunduki za namna hiyo kwa risasi kubwa za tembo. Ndiyo maana nataka uangalie kwenye mwili wa chuma, si kwenye mtutu, kama pameandikwa "Farquharson's Patent" pamoja na namba. Maandishi hayo yakiwepo, bunduki yako si ya waigaji.

Metford naye ni habari nyingine. William Ellis Metford alikuwa mhandisi, na alichobadilisha ni michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Kabla yake watu walichimba mifereji yenye kina kirefu wakitumia risasi laini ya madini ya risasi tupu. Yeye akafanya mifereji iwe na kina kidogo sana na kingo za mviringo, akatumia risasi iliyofanywa kuwa ngumu zaidi. Masizi ya baruti nyeusi hayakupata pa kujificha, na bunduki ikaendelea kulenga sawasawa baada ya milio mingi. Jeshi la Uingereza lilichukua michirizi hiyo kwenye Lee-Metford ya 1888, lakini kodaiti, baruti mpya isiyo na moshi, ilipoingia, joto lake likaila mifereji ile haraka, na mwaka 1895 wakahamia michirizi ya Enfield yenye kina zaidi. Hii ina maana kwako: mulika tochi upande wa chemba, uangalie kutokea mdomoni. Usitegemee kuona mifereji mikali kama ya bunduki za leo. Wengi hutazama mtutu wa Metford wakasema "umekwisha" kumbe uko katika hali nzuri sana.

Kabla ya tochi, hakikisha haina risasi. Fungua wenzo, tazama kwa macho, ingiza kidole kidogo. Bunduki nyingi za urithi zimekutwa na risasi ndani.

Jina lililoandikwa juu ya mtutu ndilo jambo la kwanza watu wanaloamini, na mimi huliangalia mwishoni. Uingereza ya wakati ule jina lile mara nyingi lilikuwa la mwenye duka. Bunduki ingeweza kuchongwa yote kwenye vichochoro vya Birmingham, kule Steelhouse Lane, Weaman Street, Price Street, na mtaa mzima ule unaoitwa Gun Quarter. Mmoja alikuwa na kazi ya kunyoosha mtutu, mwingine kufaili mwili wa chuma, mwingine kuchonga kitako, mwingine nakshi, halafu ikapelekwa kwa mfanyabiashara wa mji mwingine akaandika jina lake. Jina na anwani vinasaidia kukisia miaka. Kampuni ya bunduki ya Holland ya London ilianza kuitwa Holland & Holland mwaka 1876; Purdey, naye mtengenezaji wa London, alihama Oxford Street kwenda South Audley Street mwanzoni mwa miaka ya 1880. Lakini jina linaweza kuandikwa na yeyote mwenye patasi.

Kinachosema kweli ni mihuri ya majaribio, na hiyo iko chini ya mtutu, mahali ambapo mbao ya mbele inafunika. Kwa sheria, mtutu hauwezi kuuzwa Uingereza bila kupigwa majaribio kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na nyumba za kufanya hivyo zilikuwa mbili tu: ya London, ya chama cha watengenezaji kilichopewa hati mwaka 1637, na ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1813. Bristol haikuwa nayo. Kwa hiyo bunduki yako, japo inasema Bristol, lazima ina muhuri wa mmoja kati ya miji hiyo miwili. Mihuri hii hufanya kazi kama chapa kwenye paja la ng'ombe: mnyama anaweza kuuzwa mara kumi, chapa inakwambia alitokea zizi gani.

Ukiona taji juu ya fimbo mbili zilizopishana, moja ikiwa na herufi BPC na nyingine V, hiyo ni Birmingham kabla ya 1904. Kuanzia 1904 Birmingham ilitumia taji juu ya BP na taji juu ya BV. London ina taji juu ya herufi GP zilizofumana, na taji juu ya V. Ukikuta mkono ulioinua upanga uliopinda, juu ya NP, huo ni muhuri wa London wa baruti mpya zisizo na moshi, kuanzia 1904. Maneno "Nitro Proof" yenyewe yalianza kupigwa mwaka 1896.

Naomba uelewe kwa nini nakazania hili, si suala la wakusanyaji kufurahishana. Risasi ya .450 (kipenyo kwa inchi) yenye ganda la urefu wa inchi tatu na robo ilikuwepo kwanza kwa baruti nyeusi. Mwaka 1898 John Rigby akatoa .450 Nitro Express kwa kodaiti, akitumia ganda la vipimo vile vile. Risasi ya pili inaingia kwenye chemba ya kwanza bila shida, na inaweza kuipasua. Mtutu uliojaribiwa kwa kodaiti utakuta umeandikwa chini kitu kama "Cordite 70-480 Max", yaani uzito wa baruti na uzito wa risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito. Kama chini ya mtutu wako hakuna neno Nitro wala Cordite, wala muhuri wa NP, basi ni wa baruti nyeusi, na mtu asikudanganye kwamba "inaingia, kwa hiyo inafaa". Kujua chemba kwa uhakika, fundi humimina ndani yake madini laini yanayoyeyuka kwa joto dogo, yakiganda anayatoa na kuyapima. Rula haitoshi. Gibbs na Metford walikuwa na risasi yao, .461, na ningefurahi sana kama yako ni hiyo.

Mbao ya mbele usiitoe mwenyewe kama hujawahi. Vichwa vya skrubu kwenye bunduki hizi vina mkato mwembamba kama ukucha wa mtoto, na bisibisi ya dukani itavichana mara moja. Tazama pia vichwa hivyo vilivyokaa: kwenye kazi nzuri mikato yote inaelekea upande mmoja, kufuata urefu wa bunduki. Mtu alikaa akaongeza na kupunguza chuma mpaka kila skrubu ikaze ikiwa imeelekea pale. Halafu shika shingo ya kitako, pale penye michoro ya vialmasi. Ikiwa ncha za vialmasi zimelainika kwa mikono lakini mistari bado imenyooka, hiyo ni mbao ya asili, iachwe hivyo. Angalia pale mbao ya mjozi inapokutana na chuma: wembe haupaswi kupita. Kagua ufa mdogo nyuma ya chuma, hapo ndipo hupasuka.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki aina hii ina uzito wa pekee. Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza, alizipenda hizi Gibbs zenye mfumo wa Farquharson na mtutu wa Metford, baada ya ujana wake wa kubeba bunduki nzito za kushindilia mdomoni zilizompiga teke vibaya. Yeye ndiye aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kuzikwa pale pale, kwenye pori lililobeba jina lake mpaka sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Sifichi kwamba vyombo hivi viliua tembo wengi kwa ajili ya pembe, na ukiishika bunduki kama hii ni haki kulijua hilo pamoja na uzuri wake. Naupenda ufundi huu kwa moyo wote na bado nasema hivyo.

Kuhusu sheria: Uingereza silaha ya kale inaweza kukaa kama pambo bila cheti kama aina ya risasi yake imo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati na masharti mengine yametimia, kanuni za sasa ni za 2021. Usiamue mwenyewe. Piga simu kitengo cha leseni za silaha cha polisi wa eneo lako au muuzaji aliyesajiliwa kabla hujaihamisha kutoka nyumba ile. Na wazo lako la kuja nayo Dar, lisahau mpaka uwe na vibali vya nchi zote mbili mkononi.

Fundi akishafungua mbao ya mbele, piga picha nne: chini ya mtutu yote kwa mwanga wa ubavuni, ubavu wa kushoto na wa kulia wa mwili wa chuma, na namba iliyo kwenye mkia wa chuma au kwenye wenzo. Linganisha namba hiyo na ya kwenye mtutu. Ziweke hapa hapa, nitazisoma muhuri kwa muhuri.